Kukodisha kompyuta zenye programu za kulipia Uganda: nini ni chako, nini uombe ruhusa

Simu iliingia saa mbili na robo asubuhi, bado nafagia kibaraza cha duka hapa Wandegeya, Kampala. "Bosi, nataka laptopu kumi na mbili, siku tano, ziwe na Office na AutoCAD. Bei gani?"

AutoCAD ni programu ya kulipia ya kuchora ramani za majengo. Zamani ningetaja bei papo hapo. Siku hizi naanza na swali: "AutoCAD hiyo mnayo leseni yenu, au mnataka mnikute nayo mimi?"

Kimya kidogo, kisha: "Kwani kuna tofauti?"

Ipo, na iliwahi kunichelewesha malipo wiki saba. Mradi mmoja wa kaskazini ulikodi mashine kumi na tano kwangu. Mafunzo yakaisha salama, nikapeleka ankara, halafu mkaguzi wao akaomba uthibitisho kwamba nina ruhusa ya kukodisha programu zilizomo. Nikampelekea risiti za kununulia Office. Akajibu kwa mstari mmoja: risiti inaonyesha ulinunua, haionyeshi unaruhusiwa kukodisha. Tena Office yenyewe ilikuwa ile ya nyumbani na wanafunzi, ambayo masharti yake hayaruhusu kazi ya biashara hata kwa mwenye mashine. Sikuwa na la kumjibu.

Nayaandika haya kwa wenzangu wakodishaji wa laptopu, wenye kafe za intaneti, mabinti na vijana wa vituo vya kuchapa na kutoa kopi, na wale wanaoandika programu za SACCO na shule wakitaka kuzikodisha kwa mwezi. Mimi ni mfanyabiashara, si wakili. Mkataba mkubwa mpelekee wakili kabla ya kusaini, lakini ukifika ofisini kwake ukiwa umeshafanya hatua hizi, atakutoza saa chache.

Hatua ya 1: Tenganisha mashine na programu

Laptopu uliyoinunua ni mali yako. Ikodishe, iuze, mpe shemeji. Programu iliyomo ni jambo jingine: ulicholipia mara nyingi ni ruhusa ya kuitumia, kwa masharti ya aliyeitengeneza.

Mtu atauliza, mbona kitabu nikinunua naweza kukiazima? Jibu lina historia yake. Miaka ya 1980 kule Marekani palikuwa na maduka yakikodisha diski za programu kama yalivyokodisha kanda za video. Mteja alilipa dola chache, akaenda nazo nyumbani, akanakili, akarudisha diski kesho yake. Watengenezaji wakapiga kelele, na mwaka 1990 Bunge la Marekani likapitisha sheria kwamba programu ya kompyuta haikodishwi kibiashara bila ruhusa ya mwenye hakimiliki, hata kama diski uliinunua kihalali. Ulaya ikafuata kwa agizo lake la 1991. Kisha jambo hilo likaingia katika mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, kifungu cha 11. Uganda ni mwanachama wa shirika hilo tangu 1995.

Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya 2006 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na katika haki za mwenye kazi peke yake imo haki ya kukodisha kibiashara kazi yenyewe au nakala zake. Wengi wetu hatujui hivyo. Tunadhani kosa ni kutumia programu ya wizi tu, kumbe hata nakala halali, yenye risiti, ukiikodisha bila ruhusa umeingilia haki ya mtu. Ukitaka kuisoma sheria mwenyewe, angalia usichanganye namba: sheria zetu zilipangwa upya katika toleo lililoanza kutumika 1 Julai 2024, na namba za vifungu kwenye nakala za zamani huenda zisilingane.

Adhabu iliyowekwa na sheria ya 2006 ni faini isiyozidi pointi 100 za fedha, yaani shilingi 2,000,000 kwa kuwa pointi moja ni shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miaka minne, au vyote viwili. Lakini kwa biashara ndogo kinachouma zaidi ni kesi ya madai: zuio la mahakama, fidia, na mashine kukaa kabatini kama ushahidi wakati wateja wanapiga simu.

Hatua ya 2: Jua unafanya biashara ipi

Kaa chini na daftari, andika kila unachotoza pesa. Utakuta mambo yamechanganyika.

Ukimchapia mteja barua, ukamchorea ramani ya nyumba, ukamfungia hesabu za mwezi kwa programu yako, hujakodisha kitu. Umetumia chombo chako kumfanyia kazi, kama fundi anavyotumia cherehani. Unachohitaji ni leseni inayoruhusu kazi ya biashara, basi.

Mteja akiketi yeye kwenye kiti na kutumia Word kwa shilingi kadhaa kwa nusu saa, hapo ndipo penye mtego. Kafe ya intaneti inaonekana kama inauza intaneti, lakini kwa masharti ya watengenezaji wengi umempa mtu wa nje mashine yenye programu yao kwa malipo, na hiyo wanaiita kukodisha. Laptopu inayotoka nje ya duka ni hivyo hivyo, ila dhahiri zaidi.

Kuna aina ya tatu, na imejaa kwenye makundi ya WhatsApp: mtu analipia akaunti moja ya programu ya usanifu, kisha anagawa nywila kwa watu watano, kila mmoja elfu ishirini kwa mwezi. Huko nako ni kukodisha, hata kama hakuna mashine iliyobadilisha mikono. Na mwenye programu hahitaji hata mahakama. Anaona akaunti inafunguliwa Kampala, Jinja na Mbale kwa saa moja, anaifunga. Wale watano watakutafuta wewe, hawatamtafuta yeye.

Kuna ndugu atakayekuletea hoja ya "kitu kikuu". Ni kweli, TRIPS inasema haki hii haigusi ukodishaji ambao programu si kitu chenyewe kinachokodishwa. Ukikodisha gari lenye kompyuta ya injini, au mashine ya kutoa kopi, hakuna anayekodi programu iliyomo. Ila usijifiche nyuma ya hoja hiyo na laptopu. Mteja aliyepiga simu na kutaja AutoCAD kwa jina amekwambia mwenyewe anakodi nini.

Hatua ya 3: Soma leseni, angalau maneno sita

Najua hakuna anayesoma kurasa arobaini. Huhitaji zote. Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha Enter. Kidirisha kidogo kitafunguka. Chini yake pana kiungo cha masharti ya leseni. Kifungue, bonyeza Ctrl na F, na utafute maneno haya ya Kiingereza moja moja: "rent", "lease", "lend", "transfer", "commercial", "hosting". Soma aya nzima lilimo neno, si sentensi moja. Kwenye Windows ya kawaida utakuta hayo matatu ya kwanza yamekatazwa kwa pamoja: usikodishe, usipangishe, usiazime.

Fanya hivyo kwa kila programu ya kulipia uliyonayo. Ukikuta leseni imenyamaza, haisemi lolote kuhusu kukodisha, usishangilie. Sheria imeshaiweka haki hiyo mkononi mwa mwenye kazi; ukimya wake si ruhusa.

Angalia pia umeuziwa aina gani. Office ya nyumbani na wanafunzi nimeshaisema. Matoleo ya bure ya wanafunzi ya Autodesk, watengenezaji wa AutoCAD, ni ya masomo, si ya kampuni ya ujenzi. TeamViewer ya bure, programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, ni ya matumizi binafsi. Autodesk waliacha kuuza leseni za kudumu kwa bidhaa zao nyingi mwaka 2016, kwa hiyo AutoCAD ya leo hulipiwa kwa muda na hufungwa kwa mtumiaji mwenye jina lake. Anayekuambia anakuuzia "AutoCAD ya milele" kwa flashi ya elfu hamsini mtaani, muulize ananunulia wapi.

Si kila kampuni inakataa kukodisha. Tally, ambayo wahasibu wengi wa Kampala wanaifahamu, ina leseni za kukodi inazouza yenyewe kwa muda mfupi. Mteja anayehitaji hesabu za robo mwaka tu, mwelekeze huko akodi kwa jina lake. Umepoteza faida kidogo ya programu, lakini mashine anakodi kwako.

Hatua ya 4: Pata ruhusa, au badilisha programu

Njia ninayoipenda kuliko zote ni mteja kuja na leseni yake. Mimi natoa mashine. Yeye anaingia kwa akaunti ya kampuni yake, anatumia, anatoka. Programu haijawa yangu wala sijaikodisha. Miradi mikubwa huwa na leseni kadhaa zisizotumika ofisini. Uliza tu, mara nyingi afisa wa TEHAMA wao anazo.

Njia ya pili ni leseni ya nyongeza ya kukodisha. Mwaka 2010 Microsoft ilianzisha ruhusa ya aina hiyo kwa ajili ya kafe za intaneti, hoteli na wakodishaji wa mashine, kwa Windows na Office. Muulize muuzaji aliyeidhinishwa leo inauzwa kwa utaratibu gani. Elewa jambo moja ambalo mimi lilinichanganya: nyongeza haichukui nafasi ya leseni ya msingi. Unahitaji kwanza Windows halali kwenye mashine, ndipo ulipie nyongeza juu yake. Ukiinunulia mashine yenye Windows ya wizi, umemwaga maji kwenye gunia.

Kwa programu nyingine, andika barua pepe kwa mwenye programu. Eleza mashine ngapi, kwa muda gani, zitatumika wapi na nani, zitavuka mpaka au la (wateja wa Arua na Busia hupenda kuvuka), na programu itaondolewaje kazi ikiisha. Uliza wazi: mnaniruhusu kukodisha? Jibu la simu halitoshi. Lihifadhi kwa maandishi pamoja na jina na cheo cha aliyejibu.

Njia ya tatu ndiyo iliyoniokoa gharama: programu huria, zile ambazo leseni yake inakuruhusu kuzitumia, kuzinakili na kuzigawa. Nusu ya laptopu zangu sasa zinatumia Ubuntu, zikiwa na LibreOffice kwa barua na hesabu, GIMP kwa picha, na QGIS kwa wanaochora ramani za mashamba na maji. Leseni ya GPL, inayotumiwa na GIMP na QGIS, inaruhusu kutoza pesa kwa kutoa nakala. Sharti lake ni usimnyime anayepokea uhuru ule ule uliopewa: aione leseni, apate msimbo chanzo (programu kama ilivyoandikwa na mwandishi wake) akiutaka, na usimwekee masharti yako ya kumzuia kunakili. Usichanganye "bure" na "huria", lakini. Kupakua bila kulipa hakukupi ruhusa ya kukodisha. Leseni ndiyo inayotoa.

Wateja wengine hukunja uso wakiona LibreOffice. Mimi huwafungulia faili lao la Word palepale kaunta, walione. Saba kati ya kumi huondoka nayo. Watatu wanaobaki wana sababu ya kweli, kwa kawaida ni majedwali ya Excel yenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe), na hao nawarudisha kwenye njia ya kwanza.

Hatua ya 5: Andika mkataba

Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba wa zaidi ya pointi 25 za fedha uwe kwa maandishi. Hizo ni shilingi 500,000, na laptopu tano kwa wiki moja zinaifikia haraka. Si lazima karatasi. Sheria za miamala na saini za kielektroniki za 2011 zinatambua makubaliano ya kielektroniki. Lakini makubaliano ya mdomo na "tutaonana, kaka" kwa milioni mbili ni kujitafutia.

Weka majedwali mawili. La kwanza ni la mashine: namba ya mashine iliyo kwenye ganda, chaja, hali ya kioo. La pili ni la programu, na hili ndilo watu hulisahau: jina la programu, leseni ni ya nani, na ruhusa imetoka wapi. Kisha kifungu kama hiki, nilichokipata baada ya kusahihishwa na wakili mara mbili:

"Mkodishaji anakodisha mashine zilizotajwa katika Jedwali A. Programu zilizotajwa katika Jedwali B kuwa za Mkodi zitatumika chini ya leseni ya Mkodi, naye anathibitisha kuwa anayo. Mkodi hatasakinisha programu nyingine bila idhini ya maandishi, wala hatanakili programu yoyote ya Mkodishaji ambayo leseni yake hairuhusu kunakiliwa."

Soma maneno ya mwisho tena. Nisingeyaweka, ningekuwa namzuia mteja kunakili GIMP, jambo ambalo sina haki ya kulizuia.

Ongeza kifungu cha data. Mashine ikirudi ina barua, picha za vitambulisho, orodha za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 haitaki ukae na vitu hivyo. Andika kwamba mteja atanakili faili zake kabla ya kurudisha na kwamba wewe utafuta kila kitu siku hiyo hiyo. Deni likikwama na halizidi milioni kumi, mahakama za mahakimu zina utaratibu wa madai madogo, unaenda mwenyewe bila wakili. Peleka mkataba na fomu ya makabidhiano.

Hatua ya 6: Kama programu umeiandika wewe

Hapa nataka vijana wanisikilize, maana nimeona urafiki ukivunjika. SACCO inakuita, inakulipa milioni sita uwaandikie programu ya mikopo. Unaiandika, inafanya kazi. Mwaka unaofuata unaikodisha kwa SACCO nyingine tatu, laki tatu kwa mwezi kila moja. Unadhani ni yako kwa sababu uliiandika kwa vidole vyako.

Sheria yetu ya 2006 inasema kazi iliyofanywa kwa kuagizwa na mtu au chombo, au katika ajira, hakimiliki yake ni ya aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Kama hukuandika kitu, SACCO ya kwanza ndiyo mwenye mali, nawe unakodisha mali ya wenyewe. Dawa yake ni sentensi moja kabla ya kugusa kibodi: hakimiliki inabaki kwa mwandishi, na SACCO inapewa leseni ya kudumu ya kuitumia kwa shughuli zake. Bei ya kazi huenda ikashuka kwa sentensi hiyo. Ikubali ishuke.

Ukishakuwa mwenyewe, hakimiliki inakuwepo bila kusajili, na programu inalindwa miaka 50 tangu ilipotolewa kwa watu. Kusajili kwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, bado kuna faida: siku ya ugomvi una cheti chenye tarehe. Pitia pia vipande vya msimbo ulivyochukua mtandaoni. Kama kimoja kiko chini ya GPL na unampa mteja nakala, masharti yake yanaivuta programu yako yote.

Na mteja asipolipa? Kishawishi ni kuingia kwenye seva yake usiku na kuizima. Usithubutu kama mkataba haukukupa idhini hiyo, maana Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inaadhibu kuingia na kubadilisha mfumo wa mtu bila idhini, na hapo mdai anageuka mshtakiwa. Andika mapema: malipo yakichelewa siku 14 programu inabaki ya kusoma tu, na mteja ana siku 30 za kutoa data yake. Akiba za wanachama si dhamana ya deni lako.

Hatua ya 7: Kodi

Kwa kifupi, kwa sababu mhasibu wako anajua zaidi. Kama umesajiliwa kwa VAT, kukodisha kunatozwa asilimia 18 na risiti inatoka EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, URA. Ukilipa mrabaha kwa kampuni ya nje isiyo mkazi wa Uganda, kuna zuio la asilimia 15 la kupeleka URA; muulize mhasibu kama malipo yako ya leseni yanahesabiwa hivyo kabla ya kutuma, si baada.

Hatua ya 8: Mashine zikirudi

Yule wa laptopu kumi na mbili aliishia hivi. Aliuliza ofisini kwao, wakakuta wana watumiaji sita wa AutoCAD wasio na kazi wiki ile. Nikampa mashine kumi na mbili ambazo Windows yake nilishailipia nyongeza ya kukodisha, sita zikaingia kwa akaunti zao, sita zikabaki na LibreOffice, na washiriki wakakaa wawili wawili kwenye michoro. Jedwali B likajaa mistari minne tu.

Jumatatu dereva wao alizirudisha kwa bodaboda mbili, zimefungwa kwa blanketi. Nilifungua moja moja mbele yake: kutoka kwenye akaunti, kuangalia orodha ya programu, kufuta faili. Mashine namba 9 ilikuwa na folda mpya ndani ya vilivyopakuliwa, AutoCAD ya wizi pamoja na kifaa cha kuvunjia leseni. Mmoja wa wale sita alichoka kusubiri zamu. Nikapiga picha ya skrini, nikaisafisha mashine yote, nikaandika kwenye fomu "namba 9: imekutwa na programu isiyoidhinishwa, imefutwa saa 4:10 asubuhi", dereva akasaini, na mimi nikabaki na nakala ya kaboni.